Dirisha likikuzwa, vitu vinabaki kona: mwongozo kamili wa kurekebisha mpangilio katika Tkinter

Kwa miezi kadhaa sasa picha ninazotumiwa ni zilezile. Dirisha limekuzwa likajaza skrini, fomu na jedwali vimejikunyata kona ya juu kushoto kama vifaranga walionyeshewa, na kwingine kote ni kijivu kitupu. Au kinyume chake: dirisha limepunguzwa kidogo tu, kitufe cha Hifadhi hakionekani tena.

Wengi wanaotuma ni vijana wa hapa Dodoma wanaotengeneza programu ndogo za kazi kwa Tkinter, maktaba ya Python ya kutengenezea madirisha: ya duka la jumla Majengo, ya kupokelea zabibu Hombolo, ya mizani ya mahindi Kibaigwa. Nimewajibu mmoja mmoja. Shida ni kwamba nilikuwa nawapa mstari wa kubandika bila kuwaonyesha namna ya kutafuta kosa, kwa hiyo wiki inayofuata mtu yuleyule anarudi na dirisha lingine lenye ugonjwa uleule.

Mfano wetu ni programu ya mizani. Juu kuna fomu ya jina la mkulima, zao, kilo na bei. Katikati kuna jedwali la waliopima leo. Chini kuna vitufe: Hifadhi, Futa, Chapa risiti.

## Andaa hivi kwanza

- Python 3 yenye Tkinter. Kwenye Windows huja na Python yenyewe. Kwenye Ubuntu, andika `sudo apt install python3-tk`. Kuhakikisha, andika `python -m tkinter` (kwenye Ubuntu ni `python3`). Kidirisha kidogo kikifunguka, uko tayari.
- Nakala ya folda nzima ya programu yako. Utahamisha vitu vingi, na kuna saa utatamani kurudi nyuma.
- Karatasi na kalamu. Sitanii, utaviona kazini hatua ya kwanza.
- Kompyuta ya pili yenye skrini ndogo, au uwezo wa kubadilisha ukuzaji wa skrini kwenye mipangilio ya Windows.

## Kabla ya kugusa msimbo

Fikiria maji ya Mzakwe. Yanatoka visimani, yanaingia tanki, yanapita bomba kuu, bomba la mtaa, mita, ndipo yafike uani kwako. Koki moja ikifungwa katikati, tanki lifurike lisifurike, ndoo yako itabaki kavu.

Nafasi ndani ya dirisha inatembea hivyohivyo. Dirisha likikuzwa linapata nafasi mpya. Linaipa fremu kuu (fremu ni kasha la kubebea vitu vingine), fremu kuu inaipa fremu ya kati, fremu ya kati inaipa jedwali. Na Tkinter koki zake zote huwa zimefungwa mpaka wewe uzifungue. Kwa hiyo jedwali lisipopanuka, kosa linaweza kuwa ngazi tatu juu yake, mahali ambapo hata hujapatazama. Mwongozo huu wote ni kazi ya kutafuta koki iliyofungwa.

## Hatua ya 1: Chora dirisha karatasini

Chora mstatili wa dirisha, ndani yake chora fremu, ndani ya fremu chora vipengele: lebo, visanduku, jedwali, vitufe. Kisha kwenye kila kimoja weka alama: mshale wa mlalo kama kinapaswa kutanuka kwa upana, mshale wa wima kama kinapaswa kurefuka, msalaba kama kinabaki kilivyo.

Kwenye programu ya mizani, fomu inapata mshale wa mlalo tu. Jedwali linapata yote miwili. Vitufe vinapata msalaba.

Sababu ni kwamba kompyuta haijui nini muhimu kwa karani wa mizani. Usipoamua wewe, hakuna kitakachotanuka.

Onyo: ukijikuta unaandika `place(x=340, y=215)`, acha. Namba hizo zinafaa kwenye skrini yako leo tu. Zaidi ya hapo, nyingi zimenakiliwa kutoka mifano ya Kiingereza ambako kitufe kina neno la herufi nne. Sasa weka "Hifadhi taarifa za mkulima" mahali pale, uone maneno yanavyokatwa. Ni hivyohivyo kwa kitufe kilichopewa `width=8`: kwenye kitufe cha maandishi namba hiyo ni idadi ya herufi, wala haina uhusiano na pikseli.

Umefaulu ukiweza kugusa kila kisanduku karatasini na kusema kinakwenda wapi dirisha likikua.

## Hatua ya 2: Fanya fremu zionekane

Fremu haina rangi wala mpaka, ndiyo maana watu wanakisia. Usikisie. Bandika kipande hiki karibu na mwisho wa programu, juu ya `mainloop` (`dirisha` ni dirisha lako kuu, lile la `tk.Tk()`):

```
def kagua(w, n=0):
    print("  " * n, w, w.winfo_manager(), w.winfo_geometry())
    for mtoto in w.winfo_children():
        kagua(mtoto, n + 1)

dirisha.after(3000, kagua, dirisha)
```

Endesha programu, kuza dirisha haraka kabla ya sekunde tatu kuisha, kisha soma kilichochapwa. Mstari kama huu:

```
 . wm 1366x705+0+0
   .kuu grid 1366x705+0+0
     .kuu.kati grid 1202x226+82+60
       .kuu.kati.jedwali grid 1202x226+0+0
```

Soma ukishuka. Namba ni upana kwa urefu, kisha mahali kipengele kinapoanzia. Dirisha ni 1366 kwa 705. Fremu ya `kuu` imepata zote. `kati` imebaki na 1202 kwa 226. Basi, koki imefungwa kati ya `kuu` na `kati`. Jedwali lenyewe halina kosa, na ungeweza kulihangaikia usiku kucha bila faida.

Majina ya kueleweka kama `.kuu.kati` yanapatikana ukiandika `ttk.Frame(dirisha, name="kuu")` (`ttk` ni sehemu ya Tkinter yenye vipengele hivi). Jina lisianze na herufi kubwa. Usipotaja jina utapata `.!frame.!frame2`, na hapo macho yatauma.

Neno baada ya jina ni aliyekipanga kipengele hicho: `grid` (hupanga kwa mistari na safu), `pack` (hupakia kimoja baada ya kingine) au `place` (huweka kwa namba za mahali). Dirisha lenyewe huonyesha `wm`. Pakiwa patupu, na ukubwa ni `1x1`, maana yake kipengele kimeumbwa lakini hakikuwahi kuwekwa popote.

Umefaulu ukiweza kutaja kwa jina ngazi ambayo nafasi inapotelea. Usiende mbele kabla ya hapo.

## Hatua ya 3: Hakikisha kila mtoto ana mzazi wake

Mzazi ni dirisha au fremu inayobeba kipengele; kinachobebwa ni mtoto. Haya ni makosa mawili ya kuandika tu, lakini yanakula siku nzima.

La kwanza: `ttk.Button(text="Hifadhi")`. Mzazi hakutajwa, kwa hiyo kitufe kinahamia kwenye dirisha lenyewe. Kwenye ukaguzi kitaonekana moja kwa moja chini ya nukta, yaani dirisha, badala ya chini ya fremu yake.

La pili:

```
jina = ttk.Entry(fomu).grid(row=0, column=1)
```

Kisanduku kinaonekana kwenye skrini vizuri kabisa. Lakini `grid` hairudishi kitu, hivyo `jina` ni `None`, na siku ukitaka kusoma kilichoandikwa ndani programu inaanguka. Tenganisha: umba mstari mmoja, weka mstari unaofuata.

## Hatua ya 4: Usichanganye pack na grid kwa mzazi mmoja

Ndani ya fremu moja chagua mmoja. Fremu nyingine inaweza kutumia mwingine, hilo halina shida. Ukiwachanganya, Tkinter ya sasa inakataa kwa ujumbe wa kosa. Matoleo ya zamani yaliganda tu, kwa kuwa kila mmoja alikuwa anabomoa alichopanga mwenzake.

Ukipata kosa hilo na una hakika hukuchanganya, rudi hatua ya 3. Karibu kila mara ni kile kitufe kisicho na mzazi kilichohamia kwenye dirisha.

Mimi natumia `grid` karibu kote. Sikulazimishi, ila hatua mbili zijazo zitakuonyesha kwa nini.

## Hatua ya 5: Fungua koki, ngazi kwa ngazi

Hapa ndipo penye robo tatu ya matatizo yote niliyowahi kutumiwa, kwa hiyo twende polepole.

Kwenye `grid` kila ngazi inahitaji vitu viwili, na kimoja bila kingine ni bure:

Kwanza, mzazi agawe nafasi. Hilo linafanywa na uzito wa safu na mistari yake. Uzito wa kawaida ni sifuri, yaani "nafasi mpya isije huku".

Pili, mtoto ashike nafasi aliyopewa. Hilo linafanywa na `sticky`, na herufi zake ni za dira: n kaskazini, s kusini, e mashariki, w magharibi. Ukiandika `"ew"` mtoto anavutwa pande mbili za upana. Ukiandika `"nsew"` anajaza chumba chote.

```
dirisha.rowconfigure(0, weight=1)
dirisha.columnconfigure(0, weight=1)

kuu = ttk.Frame(dirisha, name="kuu")
kuu.grid(row=0, column=0, sticky="nsew")
kuu.rowconfigure(1, weight=1)
kuu.columnconfigure(0, weight=1)

fomu.grid(row=0, column=0, sticky="ew")
kati.grid(row=1, column=0, sticky="nsew")
vitufe.grid(row=2, column=0, sticky="e")

kati.rowconfigure(0, weight=1)
kati.columnconfigure(0, weight=1)
jedwali.grid(row=0, column=0, sticky="nsew")
```

Hesabu koki: dirisha, `kuu`, `kati`. Tatu, na kila moja ina `rowconfigure` na `columnconfigure` yake. Ukisahau ya `kati`, fremu itatanuka lakini jedwali litabaki limejikunyata kona yake ya juu kushoto.

Kosa la kawaida hapa ni kumpa uzito mtu asiyehusika. Wanaandika `jedwali.columnconfigure(0, weight=1)` wakidhani wanaliambia jedwali likue. Hapana, wameliambia jedwali ligawe nafasi kwa watoto wake, na jedwali halina watoto. Uzito unaandikwa kwa mzazi, `sticky` inaandikwa kwa mtoto.

Ndani ya fomu, safu ya lebo iache na uzito sifuri na safu ya visanduku uipe 1, kisha kila kisanduku kipewe `sticky="ew"`. Ukiwa na jozi mbili za lebo na kisanduku kwenye mstari mmoja na unataka visanduku vilingane kwa upana, zipe safu zake zote mbili `weight=1, uniform="a"`. Uzito peke yake hugawa nafasi ya ziada tu. Kilichoanza kipana hubaki kipana.

Utajua umefaulu ukiendesha ukaguzi wa hatua ya 2 na upana wa 1366 ukashuka mpaka kwenye jedwali bila kupotea, ukitoa pambizo ulizoweka mwenyewe.

## Hatua ya 6: Kitufe kinachotoweka

Hili lilinipata mimi. Nilimwekea programu ya mizani mzee mmoja mnunuzi wa mahindi pale Kibaigwa. Kesho yake akanipigia. "Mwanangu, kile kitufe cha kuhifadhi umekiondoa?" Nikamwambia, shikamoo mzee, kitufe kipo chini kulia. "Marahaba. Chini hapa hakuna kitu." Nyuma yake nasikia wapagazi wanahesabu magunia, lori linangoja.

Alikuwa amepunguza dirisha ili aweke kikokotoo pembeni. Basi. Siku mbili akarudi kwenye daftari lake, na sikuwa na la kujitetea.

Kosa langu lilikuwa mpangilio wa `pack`. Nilikuwa nimepakia fomu, kisha jedwali, kisha vitufe, kama vinavyoonekana kutoka juu kwenda chini. Kumbe `pack` hugawa nafasi kwa foleni: wa kwanza kupakiwa anachukua anachotaka, wa mwisho anapata kilichobaki. Dirisha likipungua, wa mwisho ndiye anayekatwa.

Dawa kwa wanaotumia `pack` ni kupakia muhimu kwanza, na jedwali mwisho:

```
fomu.pack(side="top", fill="x")
vitufe.pack(side="bottom", fill="x")
jedwali.pack(side="top", fill="both", expand=True)
```

Sasa anayebanwa ni jedwali, ambalo lina uwezo wa kubanwa. Angalia pia kwamba `fill` na `expand` ni vitu viwili: `expand` inaomba nafasi, `fill` inaijaza. Ukiweka `expand` peke yake utapata jedwali dogo katikati ya uwanja mkubwa.

Kwenye `grid` ya hatua ya 5 tatizo hili halitokei, kwa sababu dirisha likibanwa wanaopungua ni wale wenye uzito tu. Mstari wa vitufe una uzito sifuri, hivyo unabaki.

## Hatua ya 7: Upana wa jedwali na kikomo cha dirisha

Jedwali la Tkinter linaitwa `Treeview`, na safu yake moja huanza na pikseli 200. Ukiwa na safu saba, jedwali linaomba 1400, na skrini nyingi za laptopu za bei ya chini ni 1366 kwa 768. Dirisha litafunguka likiwa limezidi skrini kabla hujafanya lolote. Ziwekee upana unaoendana na kilichomo:

```
jedwali.column("jina", width=220, minwidth=120)
jedwali.column("kilo", width=80, minwidth=60, stretch=False)
```

Jina la mkulima litanuke. Kilo hazihitaji kutanuka.

Baada ya hapo tu, weka kikomo cha chini cha dirisha:

```
dirisha.update_idletasks()
dirisha.minsize(dirisha.winfo_reqwidth(), dirisha.winfo_reqheight())
```

Ukigeuza mfuatano huu, kikomo kitakuwa kikubwa kuliko skrini na mtumiaji hataweza kulipunguza dirisha. Chapa namba hizo mbili uzione. Urefu ukizidi kama 690, kwenye skrini ya 768 mkanda wa chini wa Windows utafunika vitufe. Punguza mistari ya jedwali kwa `height`, ambayo kwa kawaida ni 10.

## Hatua ya 8: Upana unaosoma 1, na maandishi yasiyokunja

Ukiuliza `winfo_width()` mara tu baada ya kuumba kipengele, utapata 1. Dirisha halijachorwa bado. Ita `update_idletasks()` kwanza, au subiri tukio la `<Configure>`, linalotokea kipengele kinapobadilika ukubwa.

Tukio hilo lina mtego wake. Ukilifunga (`bind`) kwenye dirisha, litalia pia kwa kila mtoto aliyemo. Weka kichujio mwanzoni mwa `def` yako inayopokea tukio: `if tukio.widget is not dirisha: return`.

Lebo ndefu ya maelezo haikunji mistari yenyewe. Ipe `sticky="ew"` kisha:

```
maelezo.bind("<Configure>",
    lambda t: maelezo.configure(wraplength=t.width))
```

Onyo: fanya hivi baada ya kuliwekea dirisha ukubwa wa kuanzia, mfano `dirisha.geometry("960x600")`. Bila hivyo, lebo inaweza kukunja, dirisha likapungua kuifuata, lebo ikakunja tena, na utatazama dirisha linajikausha lenyewe kama zabibu juani.

## Hatua ya 9: Kwangu safi, kwake ukungu

Kwenye Windows mtu anaweza kuweka ukuzaji wa asilimia 125 au 150. Programu isiyojitambulisha huchorwa kwa ukubwa wa kawaida kisha Windows huivuta kama picha, ndiyo maana herufi zinakuwa na ukungu. Na inadanganywa ukubwa: skrini ya 1920 kwa 1080 yenye ukuzaji wa 150 inaonekana kwake kama 1280 kwa 720. Ile ya 1366 inabaki kama 911 kwa 512.

Weka hiki juu kabisa, kabla ya `tk.Tk()`:

```
import ctypes
try:
    ctypes.windll.shcore.SetProcessDpiAwareness(1)
except (AttributeError, OSError):
    pass
```

Hiyo `try` ni ya Linux na Windows kongwe, zisije zikaanguka.

Herufi zitakuwa safi, lakini kitu kimoja kitaharibika: mistari ya `Treeview` ina urefu wa pikseli 20 usiobadilika, hivyo herufi zilizokua zitakatwa vichwa na miguu. Iongeze: `ttk.Style().configure("Treeview", rowheight=30)`. Pambizo ulizoandika kwa pikseli nazo zitaonekana nyembamba. Zirekebishe kwa macho.

## Hatua ya 10: Jaribu kama karani, sio kama fundi

Fungua programu. Ikuze ijaze skrini, kisha ivute kona mpaka igome. Vitufe vyote vinaonekana? Weka ukuzaji wa 150, funga programu, fungua upya, rudia.

Ingiza jina refu la kweli, la maneno manne, na bei ya milioni. Majina ya majaribio ya herufi tatu hayajawahi kumfichulia mtu kosa.

Mwisho, weka programu kwenye laptopu ya mtu mwingine, mpe kiti, na wewe usiguse kipanya. Akipunguza dirisha afungue kikokotoo pembeni bila kukuuliza kitufe kimekwenda wapi, futa kile kipande cha `kagua` na umkabidhi kazi yake.